Mwenyeheri Irene Stefani, Nyaatha: Sista Aliyeinjilisha kwa Miguu



Wapendwa wanakwaya, wazazi wetu na waumini wote mliofika Kiirua kusherehekea jubilei hii pamoja nasi, karibuni sana. Kamati ilipokuwa ikiandaa kijitabu hiki, tulijadiliana ni maisha ya nani tuyaweke kando ya ratiba ya misa na orodha ya nyimbo. Wengine wetu walitaka mtunzi wa nyimbo. Mwishowe tulikubaliana juu ya mtu asiyekumbukwa kwa nyimbo hata kidogo. Huyo ni Sista Irene Stefani, aliyefanya utume wake Gikondi, Nyeri, ng'ambo ya pili ya Kirimaara, mlima wetu.

Tumemchagua kwa sababu moja. Kila mwaka tunasema kwamba kwaya yetu inainjilisha. Ni vizuri leo tujiulize neno hilo lina uzito gani, na maisha ya sista huyu yanatupa kipimo.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, jimbo la Brescia, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walimwita Mercede. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi, na mama yao alipofariki, Mercede aliyekuwa bado msichana alibeba sehemu kubwa ya malezi ya wadogo zake. Mwaka 1911 aliondoka nyumbani akaenda Torino kujiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa mwaka mmoja tu kabla na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Huko alipewa jina la Irene. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli kuja Kenya.

Mapadre wa Consolata walikuwa wamekwisha kufika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, na kutoka huko kazi yao ilienea Nyeri hadi huku kwetu Meru. Imani tunayoiimba leo ilipitia mikononi mwa familia hiyo ya kimisionari.

Sista Irene alitua Mombasa mwanzoni mwa 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeshika kasi. Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi yetu, na waliobebeshwa mzigo ni Waafrika. Wanaume kutoka pande zote za Kenya, Meru ikiwemo, walichukuliwa kubeba vyakula na risasi vichwani mwao, mamia ya maili, mpaka ndani ya Tanganyika. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na kutokana na jina hilo tuna Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu hawakurudi. Wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu kuliko risasi.

Huko ndiko sista kijana alikopelekwa kuuguza: Voi, kisha Kilwa, kisha Dar es Salaam. Mahali palipoitwa hospitali palikuwa mabanda yaliyojaa wagonjwa waliolala chini, wenye vidonda vinavyonuka, wengi wakiwa hawana mtu hata mmoja anayejua jina la mama yao. Sista Irene aliwaosha, akawafunga vidonda, akawalisha, akajifunza kuzungumza nao. Waliotaka ubatizo aliwafundisha, na wasiotaka aliwahudumia vilevile.

Wanaosimulia maisha yake hueleza kisa kimoja cha Kilwa. Waliofariki walilazwa ufukweni wachukuliwe na maji ya bahari yakijaa. Siku moja sista alirudi akakuta kitanda cha mgonjwa aliyekuwa akimfundisha kiko wazi. Aliambiwa amekufa, amekwisha kupelekwa. Alishuka mpaka ufukweni, akapita katikati ya maiti akimtafuta, akamkuta angali anapumua. Alihakikisha anarudishwa, akambatiza, na mtu yule akafa akiwa na mwenzake pembeni.

Vita vilipokwisha, mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, na hapo alikaa miaka kumi. Alikuwa mwalimu wa shule. Masomo yakiisha alishika njia, akapanda na kushuka vilima vile kutoka boma hadi boma kutazama wagonjwa, kusaidia akina mama wanaojifungua, na kumtafuta mtoto aliyeacha shule. Alikuwa pia mwandishi wa wasiojua kuandika. Vijana walikuwa wameanza kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, na wazazi walimwendea awaandikie barua, kisha awasomee majibu yakija. Sisi tunaoshika daftari la kwaya na kuandika barua za mialiko tunaona hapo kwamba kalamu nayo ni utume.

Watu wa Gikondi walimpa jina lao wenyewe, Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa mafungo. Aliporudi alikuwa ameomba ruhusa ya kutoa maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya misheni. Wakati huo tauni ilikuwa imeingia eneo hilo. Miongoni mwa waliougua alikuwa mwalimu mmoja aliyekuwa amemwonea wivu na kutaka kuchukua nafasi yake shuleni. Sista alimwuguza hadi dakika ya mwisho, na ugonjwa ukampata yeye. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Habari yake haikuishia kaburini. Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, makatekista na familia zao walijikuta wamezingirwa ndani ya kanisa la Nipepe bila maji ya kunywa. Walimwomba Sista Irene awaombee. Maji machache yaliyokuwa katika gogo la ubatizo yaliwatosha watu zaidi ya 200 kwa siku kadhaa, na mtoto wa kike aliyezaliwa humo aliitwa Irene. Kanisa lilichunguza tukio hilo na kulikubali kuwa muujiza. Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Kardinali Polycarp Pengo aliongoza misa ya kumtangaza mwenyeheri, ya kwanza ya aina hiyo katika nchi yetu.

Wapendwa, tunajua hali yetu. Mwaka huu vikao vyetu vingi vilikuwa vya sare mpya, kinanda na gharama za kurekodi. Hayo yote ni mema, na tunawashukuru mliochanga. Lakini hospitali ya misheni iko hapa hapa Kiirua, na kuna wazee walioimba katika kwaya hii ambao sasa hawawezi kutembea mpaka kanisani. Ni wangapi kati yao wametusikia tukiimba karibu na vitanda vyao?

Tunapendekeza basi kwamba baada ya jubilei, Jumapili moja kila mwezi, mazoezi ya jioni yahamie nyumbani kwa mgonjwa au mzee mmoja, jumuiya zikituonyesha njia. Hatutahitaji sare wala kinanda. Daftari la majina litakuwa mezani baada ya misa, na nafasi za kwanza zimeachwa wazi kwa viongozi.

Mwenyeheri Irene Stefani, utuombee.