Padre Clavius, Kalenda Yetu na Deni la Tarehe 29 Februari



Leo naandika kutoka huku kwetu Manyovu, vilimani, mpakani na Burundi. Naanza na kosa langu mwenyewe. Halafu nitakusimulia maisha ya padre mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 400 iliyopita, ambaye ndiye aliyenifumbua macho.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha vijana kigangoni. Tarehe 30 Novemba 2023, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume, tulimkopesha dada mmoja shilingi laki moja akanunue maharage ya kuuza. Makubaliano yalikuwa miezi mitatu. Nilipofika nyumbani nikahesabu miezi mitatu kuwa siku 90, nikaandika kwenye daftari 28 Februari. Yeye akaleta hela yote tarehe 29, Alhamisi, tulipotoka Misa. Nikamwambia amechelewa siku moja, kwa hiyo faini ni shilingi elfu tano. Akalipa bila kelele. Jumapili iliyofuata hakuja kikaoni, na nyingine tena hakuja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Injili ya siku ile ilikuwa ya tajiri na Lazaro maskini. Nilikuwa nimetoka kuisikia dakika chache tu zilizopita!

Ilikuwa Kwaresima. Katekista wetu akaniomba niandae mada fupi: kwa nini Pasaka haina tarehe moja kila mwaka. Ndipo nikakutana na Padre Christopher Clavius.

Alizaliwa Bamberg, Ujerumani, tarehe 25 Machi 1538, siku ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Mwaka 1555, akiwa kijana mdogo, alijiunga na Wayesuiti kule Roma, wakati Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wao, bado yuko hai. Alipelekwa kusoma Coimbra, Ureno, na huko mwaka 1560 akashuhudia jua likipatwa mchana kweupe mpaka giza likaingia. Baadaye akarudi Roma akawa mwalimu wa hisabati katika Chuo cha Kiroma, kazi aliyoifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mmoja wa wanafunzi wake ni Padre Matteo Ricci, yule aliyekwenda kuinjilisha China akiwa na hisabati mkononi.

Sasa, wakati ule Kanisa lilikuwa na tatizo la tarehe. Kalenda iliyotumika ilikuwa ya Julius Kaisari, yenye mwaka mrefu kila baada ya miaka minne bila kuruka. Mwaka wa kalenda hiyo ulizidi mwaka halisi wa jua kwa kama dakika 11. Utasema dakika 11 ni nini? Lakini zilijikusanya, mpaka kila baada ya miaka kama 128 ikawa siku nzima. Tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 zilikuwa zimeshafika siku 10. Pasaka hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu unaoanzia 21 Machi, siku inayohesabiwa kuwa ya usiku na mchana kulingana. Kumbe usiku na mchana vilikuwa vinalingana tarehe 11 Machi! Kanisa lilikuwa linaadhimisha Ufufuko kwa hesabu iliyoteleza.

Papa Gregori XIII akaunda tume. Wazo kuu la kusahihisha lilitoka kwa daktari Mwitaliano, Luigi Lilio, ambaye alifariki mwaka 1576 kabla ya kuona matunda yake. Ndugu yake ndiye aliyeipeleka kazi hiyo Roma. Clavius, mwanahisabati wa tume, aliipima, na baadaye akawa mtetezi wake mkuu. Tarehe 24 Februari 1582 Papa alitoa hati. Mwaka huo, baada ya Alhamisi 4 Oktoba ikaja Ijumaa 15 Oktoba. Siku 10 zikafutwa. Usiku huo huo Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki Hispania, na ndiyo maana tunamkumbuka tarehe 15 Oktoba.

Kwa siku za mbele waliweka kanuni: mwaka unaogawanyika kwa 4 ni mrefu, lakini mwaka wa kufunga karne uwe mrefu tu kama unagawanyika kwa 400. Kwa hiyo 1900 haukuwa na 29 Februari, ila 2000 ulikuwa nayo.

Si wote waliofurahi. Wasomi wakubwa walimshambulia Clavius kwa maandishi, na nchi nyingi zisizo za Kikatoliki zilikataa. Uingereza ilikubali mwaka 1752, Urusi mwaka 1918. Yeye hakugombana mitaani. Alikaa mezani, akafanya hesabu, akajibu hoja kwa hoja, na mwaka 1603 akatoa kitabu kikubwa cha kuieleza kalenda hiyo.

Lakini sehemu iliyonichoma ni ya uzee wake. Galileo alipotangaza mwaka 1610 kwamba ameona miezi ikizunguka sayari ya Jupita, Clavius hakuamini. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye jina kubwa, na angeweza kunyamaza tu. Lakini alipotazama kwa darubini na kuiona, alikiri kwamba ipo kweli. Alifariki Roma tarehe 6 Februari 1612. Hakutangazwa mtakatifu, lakini kila unapoangalia tarehe kwenye simu yako, unatumia jasho lake.

Basi nikarudi kwenye daftari langu. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia kwenye mambo ya tarehe, nikamuuliza padre wetu Kanisa lenyewe linahesabuje miezi. Akanionyesha Sheria ya Kanuni ya mwaka 1983, kanuni ya 202 na 203. Muda unaokwenda mfululizo, mwezi huchukuliwa kama ulivyo kwenye kalenda. Siku ya kuanzia kwa kawaida haihesabiwi. Muda unakwisha siku yenye namba ile ile inapomalizika. Mwezi ukikosa namba hiyo, muda unakwisha mwisho wa siku ya mwisho ya mwezi huo.

Jaribu mwenyewe. 25 Machi ongeza miezi tisa: 3 na 9 ni 12, unapata 25 Desemba, Noeli! Sasa 30 Novemba ongeza miezi mitatu: 11 na 3 ni 14, toa 12, inabaki 2, yaani Februari ya mwaka unaofuata. 30 Februari haipo, kwa hiyo ni siku ya mwisho. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu, basi siku ya mwisho ni 29.

Yule dada hakuchelewa. Alileta hela siku yenyewe. Aliyekosea ni mimi.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili nikijitetea moyoni, eti elfu tano tu. Halafu nikakumbuka zile dakika 11. Dhuluma ndogo isiyosahihishwa haibaki ndogo. Nikakumbuka na yule mzee na darubini yake. Nikaenda kwake, nikamrudishia hela yake, nikaomba radhi. Jumapili kikaoni nikakiri mbele ya wote, kwa sababu faini nilimtoza mbele ya wote. Hakurudi mara moja, ila baada ya Pasaka alirudi. Siku hizi tarehe ya marejesho tunaiandika siku ile ile ya mkopo, mkopaji akiwepo na kalenda ikiwa mezani.

Tafakari wiki hii: Kuna mtu uliyemhukumu kwa hesabu yako mwenyewe? Kuna kosa dogo unaliacha lijikusanye?

Tuombe: Ee Bwana, siku zote ni zako. Utufundishe kupima kwa haki, na utupe moyo wa kukubali tulipokosea kabla dakika hazijawa siku. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.