Maradhi Yaliyomuua Arthur Shrewsbury

Wapenzi wa michezo humkumbuka mchezaji kwa siku zake za ushindi. Akishaondoka uwanjani, ni wachache wamwulizao hali. Ndiyo sababu nimeonelea leo nisimulie maisha ya Mwingereza Arthur Shrewsbury. Vitabu vya kriketi vimejaa sifa zake, ilhali mwisho wake hutajwa upesi, tena kwa sauti ya chini.

Alizaliwa Aprili 11, 1856, mjini Nottingham, akaanza kuichezea kaunti yake ya Nottinghamshire mwaka wa 1875. Hakuwa mmoja wa wale mabwana waliocheza kwa kujifurahisha. Kriketi ilikuwa ndiyo riziki yake. Mwaka wa 1881 yeye na rafikiye Alfred Shaw waliongoza mgomo wa wachezaji wa kaunti hiyo. Wawili hao walifanya biashara ya vifaa vya michezo pamoja, na mara nne walishirikiana na James Lillywhite kupeleka timu Australia. Shrewsbury aliiongoza Uingereza katika mechi saba za kimataifa. Baada yake, hakuna mchezaji wa kulipwa aliyekabidhiwa unahodha huo hadi mwaka wa 1952.

Subira yake uwanjani ilikuwa ya ajabu. Inasimuliwa kwamba akirejea kupiga baada ya chakula cha mchana, alimwagiza mtumishi amletee chai saa kumi na nusu, kwa jinsi alivyokuwa na hakika kwamba hatakuwa ametolewa. Mwaka wa 1893 akawa mchezaji wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 1,000 katika mechi za kimataifa. Hata mwaka wa 1902, akiwa na umri wa miaka 46, wastani wake ulikuwa mikimbio 50, na kwa mara ya kwanza maishani alipata mikimbio mia na zaidi mara mbili katika mechi moja.

Nje ya uwanja alikuwa msiri. Hakuoa, aliishi hotelini, na aliuonea haya upara wake hata ikawa nadra kumwona bila kofia. Hayo peke yake si ugonjwa, nami siupendi mtindo wa kuziokota tabia za marehemu na kuzigeuza dalili. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka wa 1902 alianza kulalamikia maumivu ya figo. Alikwenda kwa madaktari, hata wa London, na hakuna aliyegundua maradhi makubwa. Hakuwaamini. Msimu wa 1903 ulipofunguliwa hakuwemo timuni. Mwalimu wa hapa kwetu hustaafu akiwa na umri wa miaka 60. Mchezaji hustaafishwa na mwili wake, mara nyingi akiwa bado hajajifunza kuwa mtu mwingine. Mwenzake wa Nottinghamshire na Uingereza, William Scotton, alikuwa amejiua Julai 1893 baada ya kupoteza nafasi yake katika kaunti. Mei 19, 1903, katika nyumba ya dadaye kijijini Gedling, Shrewsbury naye alijitoa uhai.

Baraza lililochunguza kifo hicho lilikata kauli kwamba akili yake ilikuwa imevurugwa na imani kuwa ana ugonjwa usiotibika. Hapa naomba nisimame kidogo, kwani lugha ndiyo kazi yangu. Nchini Uingereza kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi mwaka wa 1961, na mabaraza aghalabu yalitaja kuvurugika kwa akili ili kumsitiri marehemu. Hivyo maneno yaliyoutaja ugonjwa yalikuwa pia pazia la kuufunika, na msikilizaji hakujua kama anaelezwa maradhi au anaonyeshwa huruma tu. Nasi tulirithi sheria ya namna hiyo: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, Januari 2025. Kiswahili kinalo neno sonona, lakini wengi wetu bado twasema fulani ana mawazo mengi, kana kwamba dawa ni kuyapunguza.

Madaktari wa Shrewsbury walitafuta katika figo, wakampa habari njema, wakamwacha aende zake. Alfred Shaw alifariki mwaka wa 1907, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Gedling, karibu na kaburi la mwenziwe.