Mtakatifu Alberto Mkuu: Askofu Aliyewatazama Ndege

Kila mwaka tarehe 15 Novemba Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Alberto Mkuu, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Kwa waamini wengi jina lake hupita upesi, kwa kuwa ni kumbukumbu ya hiari, tena huangukia mwezi ambao mawazo yetu yako makaburini kwa marehemu wetu. Wanaomfahamu humfahamu kama mwalimu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, na baada ya hapo habari zake hukoma. Sisi tungependa kumsimulia kwa upande usiotajwa sana mimbarini: mwanateolojia huyu, aliyekuwa mkubwa wa shirika katika kanda yake na kisha askofu wa jimbo, tangu ujana wake hakuacha kuwatazama ndege.

Alizaliwa karibu na mwaka 1200 huko Lauingen, mji mdogo kando ya mto Danube, kusini mwa nchi tunayoiita leo Ujerumani. Jamaa yake walikuwa watu wa daraja la mashujaa wa farasi, na vijana wa nyumba kama hizo walikua wakijua kuwinda. Alipokuwa mtu mzima Alberto alikumbuka bado jinsi walivyotoka mashambani na mbwa, na vipanga wa porini, wasiofugwa na mtu, wakawafuata kwa juu. Mbwa walipowakurupusha ndege wadogo majanini, vipanga waliwashukia. Ndege wale, kwa hofu, walijitupa chini tena, na watumishi wakawaokota kwa mikono. Mwisho wa mawindo kila kipanga alirushiwa ndege mmoja kama ujira wake, kisha wote wakaenda zao. Miaka mingi baadaye, alipoandika juu ya ndege, vipanga walipata nafasi kubwa kuliko ndege mwingine yeyote.

Alikwenda Padua, Italia, kusoma. Huko alimsikia Mwenyeheri Yordano wa Saksonia, aliyemrithi Mtakatifu Dominiko, akajiunga na Shirika la Wahubiri, yaani Wadominikani. Alifundisha katika nyumba kadhaa za shirika nchini kwake, kisha akapelekwa Paris, ambako mwaka 1245 alipata daraja la juu la ualimu wa teolojia. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Mtaliano mnene na mkimya, Thoma wa Akwino. Mwaka 1248 Alberto alitumwa Köln kuanzisha chuo kikuu cha shirika, na Thoma akafuatana naye. Ni mwaka uleule lilipowekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Köln, ambalo wajukuu wa wajukuu wa waashi wake hawakuliona likikamilika.

Kuanzia mwaka 1254 hadi 1257 alikuwa mkubwa wa Wadominikani wa kanda yote ya Kijerumani. Kanuni ya shirika iliwakataza ndugu kupanda farasi safarini, naye aliitii. Alizitembelea nyumba zake kwa miguu, mwaka hadi mwaka, kupitia misitu, mabonde na pwani za kaskazini. Tunaamini kwamba ndege wa Alberto walipatikana katika miguu hiyo. Njiani alizungumza na wavuvi, wawindaji na wafuga vipanga, akawauliza maswali ambayo pengine hakuna padre aliyewahi kuwauliza: ndege huyu hutaga mayai mangapi, hula nini, huondoka lini?

Tukumbuke ilivyokuwa elimu ya wakati ule. Mtu aliyetaka kujua habari za tai alifungua kitabu. Vitabu vya Aristotle juu ya wanyama vilikuwa vimefika Ulaya Magharibi kwa tafsiri ya Kilatini, na Alberto alivipokea kwa furaha na kuvifafanua. Kazi yake juu ya wanyama, kwa Kilatini De animalibus, ina vitabu 26, na vingi vyao hufuata nyayo za Aristotle. Lakini kitabu cha 23, kinachohusu ndege, kina jambo jingine ndani yake. Alberto anaeleza yaliyosemwa na wakale, kisha anaongeza kama yeye mwenyewe ameliona jambo hilo, au ameliona likiwa kinyume.

Hivi ndivyo alivyofanya kuhusu tai. Vitabu vilisema mengi juu ya idadi ya mayai na makinda yake. Alberto na wenzake waliangalia kiota kimoja kwa miaka sita mfululizo, na kila mwaka wakakuta kinda mmoja tu. Kiota kilikuwa juu ya genge refu, na haikuwapo njia ya kukifikia ila mtu ashushwe kwa kamba ndefu sana kutoka kileleni. Kuhusu tumbusi ilisemwa kwamba majike huzaa pasipo dume. Alberto akajibu kwamba tumbusi huonekana wakipandana, na kwamba katika milima iliyo kati ya Worms na Trier hujenga viota kila mwaka, wakiwa wengi kiasi kwamba mahali pote hunuka mizoga. Na kuhusu mbuni, ambaye watu wote walijua kuwa hula chuma na kukiyeyusha tumboni, alichukua vipande vya chuma akawapa mbuni mara nyingi. Hawakula. Walichokula kwa pupa ni vijiwe na mifupa iliyovunjwavunjwa. Mama yeyote aliyewahi kupasua firigisi ya kuku na kukuta changarawe ndani atalielewa jambo hili.

Hapo mtu aweza kutabasamu tu na kupita. Lakini kulikuwa na batabukini mmoja ambaye habari zake ziligusa maisha ya Kanisa. Katika pwani za Uingereza na Ireland walionekana kila majira ya baridi batabukini weusi kwa weupe ambao hakuna aliyejua wanakotaga. Watu wakasema basi kwamba hawatagi kabisa, bali huzaliwa na miti iliyoinamia bahari, au na vile viumbe vidogo vya magamba ving'ang'aniavyo mbao zilizooza majini. Gerald wa Wales, mwandishi aliyekuwa mtu wa Kanisa, aliandika mwishoni mwa karne ya 12 kwamba hata maaskofu na watawa wa huko waliwala siku za mfungo bila wasiwasi, kwa sababu, kwa hoja yao, ndege asiyezaliwa na nyama si nyama. Tunakiri kwamba hoja hii ina werevu wake. Wapo hata leo wanaotafuta uchochoro wa namna hiyo Ijumaa ya Kwaresima.

Alberto aliikataa habari yote kuwa ni upuuzi. Aliandika kwamba yeye pamoja na rafiki zake wengi wamewaona batabukini hao wakipandana, wakitaga mayai na kulisha makinda, kama batabukini wengine. Hakuhitaji kutunga hoja ndefu ya teolojia. Ndege alikuwa ndege, na mfungo ukabaki mfungo.

Mfano unaotugusa zaidi sisi mapadre ni ule wa mwari. Waamini wengi mmemwona: ndege mkubwa mweupe, shingo imeinama, anajichoma kifua kwa mdomo wake, na chini yake makinda wakipokea matone ya damu. Huchorwa kwenye milango ya tabernakulo, kwenye meza za altare, kwenye kasula. Ni alama ya Kristo anayetulisha kwa Damu yake, na utenzi mashuhuri wa Ekaristi, unaohusishwa na jina la Thoma wa Akwino, humtaja Bwana kwa jina la ndege huyo. Mwanafunzi basi aliimba juu ya mwari. Mwalimu wake, alipofika kwa mwari katika kitabu chake, alisema kwamba habari hii ya damu husomwa katika masimulizi, lakini haikuthibitishwa na uzoefu wa wachunguzi wa viumbe.

Tumelitafakari jambo hili mara nyingi. Alberto aliadhimisha Misa kila siku; aliandika kwa upendo mkubwa juu ya Sakramenti ya Altare. Hakuwa mtu wa kubeza alama takatifu. Hata hivyo hakukubali kumtetea Kristo kwa kumsingizia ndege. Damu ya Bwana ilimwagika kweli msalabani, na ukweli huo hautegemei yanayotendeka katika kiota cha mwari. Alama imebaki kwenye altare zetu kwa haki, kwa kuwa ni alama. Ndege mwenyewe yuko ziwani, akichota samaki kwa ule mfuko ulio chini ya mdomo wake, na anayekaa karibu na maziwa yetu makubwa anaweza kwenda kumwona.

Alberto hakuwa mkamilifu katika kazi hii. Popo alimweka kati ya ndege, na mengine aliyoyasimulia kwa kuamini wengine yamekuja kuonekana si kweli. Tunayasema haya kwa sababu wapo wanaomsifu kana kwamba hakukosea.

Mwaka 1260 Papa Aleksanda IV alimteua kuwa Askofu wa Regensburg. Mkuu wa shirika lake alimwandikia barua ya kumsihi akatae, akiogopa kwamba ndugu aliyeahidi ufukara angepotea katika mambo ya fedha na mabwana. Alberto alitii Kiti cha Mtakatifu Petro. Alilikuta jimbo lina madeni, akalipanga upya, na alizidi kutembea kwa miguu, hata watu wa jimbo wakampa jina la utani kwa ajili ya viatu vyake vikubwa vya safari. Baada ya miaka kama miwili aliomba kupumzishwa, akakubaliwa. Alirudi kuhubiri, kufundisha, na kupatanisha watu waliogombana. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo Köln kati ya raia na askofu wao mkuu. Mwaka 1274 alimpoteza Thoma, mwanafunzi aliyekuwa kijana kwake kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye mwenyewe alifariki Köln tarehe 15 Novemba 1280, na kaburi lake lipo hadi leo katika kanisa la Mtakatifu Andrea mjini humo.

Baada ya kufa kwake kulitokea jambo la kusikitisha. Kwa kuwa alijua habari za mawe, mimea na wanyama kuliko watu wengine, ilienea hadithi kwamba alikuwa mchawi. Vitabu vya uganga viliandikwa na watu wengine kwa kutumia jina lake, vikauzwa kwa karne nyingi. Wapo wanaosema kwamba sifa hiyo mbaya ilichangia kuchelewesha heshima yake. Alitangazwa Mwenyeheri mwaka 1622, lakini Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1931 tu, na Papa Pio XI. Miaka kumi baadaye Papa Pio XII alimfanya msimamizi wa wote wanaochunguza elimu ya viumbe.

Mtu aliyewatazama ndege akaitwa mchawi! Hatuko mbali na hayo. Katika parokia zetu tumewahi kuitwa usiku kubariki nyumba kwa sababu bundi amelia juu ya bati. Tumekwenda, tumesali na jamaa, kwa kuwa hofu yao ni ya kweli hata kama sababu yake si ya kweli. Lakini tumesikia pia bundi akipigwa mawe hadi kufa uani kwa kanisa, na, lililo baya zaidi, jina la bibi mzee wa jirani likitajwa kwa kunong'ona asubuhi iliyofuata. Bundi yule mweupe usoni hupenda kutaga juu ya dari na katika minara ya makanisa, kwa kuwa hapo pana giza, utulivu na panya. Hulia kwa sauti kali ya kukwaruza. Makinda yake hutoa sauti kama ya mtu anayekoroma, na ndiyo hiyo ambayo makatekista wengine wameisikia darini usiku wa mkesha wakakimbia. Atakayepanda ngazi mchana na tochi atawakuta: vifaranga vitatu au vinne vya manyoya meupe, na chini yao mifupa midogo na manyoya ya panya. Hakuna jina la mtu yeyote hapo.

Bwana wetu, katika hotuba yake ya mlimani, alituagiza tuwaangalie ndege wa angani. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Mwinjili Mathayo si cha kutupa jicho tu. Ni kukaza macho juu ya kitu. Alberto alilichukua agizo hilo kama lilivyoandikwa. Halihitaji chombo chochote cha bei, wala kwenda mbugani. Shomoro wa ukumbi wa parokia, kunguru wa sokoni, mwewe anayezunguka juu ya vifaranga, wote wanatosha kwa kuanzia, na watoto wa Utoto Mtakatifu huwaona kabla yetu.

Tena wapo wageni. Korongo weupe na mbayuwayu ambao Alberto aliwaona wakitoweka katika anga la Köln kila mwisho wa kiangazi, uzao wao bado huondoka majira yaleyale, nao huvuka bahari na jangwa kuja kwetu Afrika. Siku ya kumbukumbu yake, tarehe 15 Novemba, mbayuwayu huwa wamekwisha kufika. Hukaa jioni kwa safu kwenye nyaya za umeme, mgongo wa buluu iliyokolea, koo la rangi ya kutu, na wanaotoka Misa ya jioni hupita chini yao.