Grace Hopper, mama aliyefundisha mashine kusoma maneno

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na miaka saba alifungua saa ya kengele ili aone kilichomo ndani. Akashindwa kuirudishia, akafungua ya pili, kisha ya tatu, mpaka mama yake akakuta saa saba za nyumba zimekuwa vipande. Mama hakumkataza kabisa. Alimwachia moja tu ya kuchezea. Shuleni hakuwa hodari kwa kila somo. Alipotaka kuingia Vassar College alianguka mtihani wa Kilatini, ikabidi angoje mwaka mzima. Lakini hesabu aliipenda. Alimaliza Vassar mwaka wa 1928, akapata udaktari wa hesabu huko Yale mwaka wa 1934, na wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwalimu palepale Vassar. Jina la Hopper ni la mume aliyeolewa naye mwaka wa 1930. Waliachana mwaka wa 1945, lakini jina alibaki nalo.

Ndugu wasomaji, vijana wetu wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanasoma informatiki. Wengine wanadhani kazi ya kuandika programu ilianza pamoja na simu za mkononi, tena ni kazi ya wanaume. Maisha ya mama huyu yanasema mengine.

Vita ilipoingia Amerika, Grace alitaka kuingia jeshi la majini. Walimkataa: alikuwa na miaka zaidi ya 35, na uzito wake ulipungua karibu kilo 7 chini ya kipimo. Hakuacha kuomba, na mwezi wa Desemba 1943 akakubaliwa. Mwaka wa 1944 akatumwa Harvard, mbele ya mashine iliyoitwa Mark I, yenye urefu wa zaidi ya metre 15. Mkubwa wake, Howard Aiken, alikuwa mtu mkali. Programu zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu kwa tundu, na ukikosea tundu moja jibu lote limeharibika. Mwaka wa 1946 kitabu cha kueleza mashine hiyo kilitoka, kurasa 561, na sehemu kubwa ni kazi ya Grace.

Mashine hiyo ilifanya pia hesabu kwa ajili ya bomu la atomi, bila timu kuambiwa ni za nini. Sisi Wakongomani tusipite hapo haraka: uraniamu nyingi ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Wachimbaji wetu nao hawakuambiwa.

Watu hupenda kusimulia kwamba yeye ndiye aliyegundua «mdudu» wa kwanza wa kompyuta. Si hivyo. Mwaka wa 1947 wenzake walikuta nondo amekwama ndani ya mashine ya Mark II, wakambandika kwenye daftari la kazi. Grace alipenda tu kuisimulia habari hiyo. Neno lenyewe mafundi walikuwa wakilitumia tangu zamani.

Mwaka wa 1949 Harvard haikuwa na nafasi tena kwake. Ulikuwa wakati mgumu, pombe ilikuwa imemshika, na rafiki walilazimika kumwonya. Mwaka huohuo aliingia kampuni changa ya Eckert na Mauchly, Philadelphia, waliokuwa wakijenga kompyuta ya UNIVAC. Hapo ndipo alipofanya kazi kubwa ya maisha yake.

Aliona kwamba waandikaji wa programu walikuwa wakinakili kwa mkono vipande vilevile kila siku, na kila mara mtu anakosea herufi moja. Akajiuliza kwa nini mashine yenyewe isinakili. Mwaka wa 1952 akamaliza programu iliyoitwa A-0: unaiandikia namba za vipande unavyovitaka, nayo inavitafuta kwenye utepe na kuviunganisha. Programu ya namna hiyo huitwa kompaila. Msiifananishe na mkalimani anayesimama kando ya mhubiri na kugeuza sentensi moja moja. Ni kama mtafsiri anayechukua barua nzima, anaketi nayo, na kuirudisha yote ikiwa imeandikwa katika lugha ya mwenye kuisoma. Watu hawakumwamini. Walimwambia kompyuta inajua kujumlisha na kutoa, basi. Kuandika programu haiwezi.

Yeye akaenda mbele zaidi. Mtu wa duka au wa benki hapendi alama za hesabu. Basi aandike maneno ya kawaida ya Kiingereza, na mashine ndiyo itaabike kuyageuza. Alipowaonyesha wakubwa wa kampuni, aliongeza jambo dogo: programu ileile ikiwa na maneno ya Kifaransa, kisha ya Kijerumani. Kwa mashine ilikuwa kitu kimoja, alama tu za kugeuzwa. Wakubwa wakashtuka! Kompyuta iliyotengenezwa Philadelphia itasikiaje Kifaransa? Ikabidi awaahidi kwamba atatumia Kiingereza peke yake. Mimi huwa nafikiri sana juu ya siku hiyo. Kijana wa kwetu anayejifunza leo maneno ya Kiingereza kabla hajaandika mstari wake wa kwanza anabeba mzigo ambao mashine haikuudai.

Lugha hiyo iliitwa FLOW-MATIC. Mwaka wa 1959 kamati ya makampuni na serikali ilipotunga COBOL, ilichota mengi humo. Walioiandika ni wengine. Grace alikuwa mshauri wao.

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966, likamwita tena Agosti 1967 kwa miezi sita ili alinganishe programu zake za COBOL. Miezi hiyo ikawa miaka 19. Alizunguka akifundisha, akigawa vipande vya waya vya sentimetre 30 hivi, ili watu waone kwa macho umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mwezi wa Agosti 1986, akiwa admirali mwenye miaka 79, aliagwa juu ya meli ya zamani USS Constitution, Boston. Baadaye akaajiriwa na kampuni nyingine ya kompyuta.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa Arlington kwa heshima za kijeshi. COBOL ingali inahesabu pesa katika benki nyingi za dunia.