Albertus Seba

Albertus Seba (Etzel, Frisia Mashariki, leo nchini Ujerumani, 12 Mei 1665 – Amsterdam, Uholanzi, 2 Mei 1736) alikuwa mfamasia na mkusanyaji wa wanyama na mimea. Anajulikana hasa kwa kitabu chake kikubwa cha picha, chenye mijusi na nyoka wengi.

Maisha

Alihamia Amsterdam akiwa kijana, akajifunza utengenezaji wa dawa, kisha akafungua duka lake karibu na bandari. Mabaharia na waganga wa melini waliohitaji dawa walimletea nyoka, mijusi na makombe kutoka nchi za mbali. Sehemu ya mijusi hao ilihifadhiwa katika chupa za spiriti.

Mwaka 1717 mkusanyo wake ulikwisha kununuliwa na Peter Mkuu, mtawala wa Urusi. Seba hakuacha. Alianza upya, akapata mkusanyo mkubwa zaidi.

Kitabu

Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1734 na ya pili 1735. Mbili zilizobaki zilitolewa baada ya kifo chake, ya mwisho mwaka 1765. Kwa jumla kuna kurasa za picha 446, zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na kuchapwa kwa wino mweusi. Nakala zenye rangi zilipakwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo hazifanani kabisa. Tena mjusi aliyekaa ndani ya spiriti hupauka. Ndiyo maana umbo na magamba katika picha hizo huaminika kuliko rangi.

Carl Linnaeus wa Uswidi alimtembelea mwaka 1735, na baadaye alitumia picha zake alipowapa wanyama majina ya kisayansi. Mfano ni mjusi wa Amerika mwenye kishungi kichwani na tanga mgongoni, anayeitwa leo Basiliscus basiliscus. Seba alimwita joka arukaye. Kwa kweli haruki angani, bali hukimbia juu ya maji. Chatu wa Afrika naye alipewa jina la Seba, Python sebae, kutokana na picha za kitabu hiki.

Kitabu kina kasoro nzito. Seba aliwategemea waliomletea wanyama, na mara nyingi nchi anayotaja siyo asili yao. Aliweka hata picha ya joka la Hamburg lenye vichwa saba, ingawa mwenyewe alikuwa na shaka nalo. Linnaeus alilichunguza akaona ni taya za vicheche zilizofunikwa kwa ngozi za nyoka.

Mkusanyo wa pili uliuzwa kwa mnada mwaka 1752, ukatawanyika. Kwa baadhi ya spishi, picha ya Seba ndiyo inayotumika leo badala ya mnyama mwenyewe.