Ludwik Lejzer Zamenhof

Ludwik Lejzer Zamenhof (Białystok, 15 Desemba 1859 – Warshawa, 14 Aprili 1917) alikuwa daktari wa macho Myahudi aliyebuni lugha ya Kiesperanto. Kati ya lugha zilizotungwa ili zitumike na watu wa mataifa yote, hiyo ndiyo iliyopata wasemaji wengi zaidi.

Maisha ya awali

Alizaliwa Białystok, mji ulioko leo nchini Poland lakini wakati ule ulikuwa chini ya Dola la Urusi. Baba yake, Markus, alikuwa mwalimu wa lugha. Mjini waliishi Wayahudi, Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wabelarusi, kila kundi na lugha yake. Ludwik aliona uhasama kati yao, akaamini kwamba tofauti za lugha ni chanzo chake kikubwa. Baadaye alikubali kwamba dini na utaifa vinachangia pia, ila wazo la lugha ya pamoja halikumtoka.

Mwaka 1873 familia ilihamia Warshawa. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alitunga lugha yake ya kwanza, na mwezi wa Desemba 1878 aliisherehekea pamoja na wenzake wa shule. Alisomea udaktari Moscow, halafu Warshawa, akahitimu mwaka 1885.

Lugha yake

Kitabu chake cha kwanza kilitolewa kwa Kirusi huko Warshawa mnamo Julai 1887. Kilikuwa na kanuni 16 za sarufi na mizizi ya maneno ipatayo 900. Gharama zililipwa kwa msaada wa baba wa mchumba wake, Klara Silbernik, ambaye alimwoa mwezi uliofuata. Alijiita Doktoro Esperanto, yaani Daktari Anayetumaini, na watu wakaiita lugha yenyewe kwa jina hilo.

Kilichowavuta wengi ni wepesi wake. Kila herufi ina sauti moja, na mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Nomino zote huishia na -o, vivumishi na -a. Mzizi mmoja huzaa maneno mengi: lerni ni kujifunza, lernanto ni mwanafunzi, lernejo ni shule. Anayejua kwamba mpishi na mapishi hutoka katika kitenzi pika hatashangazwa na utaratibu huo. Hata hivyo karibu maneno yote yalitoka Ulaya, kwa hiyo Mfaransa huanza akiwa mbele ya Mchina au Mwafrika. Tatizo hilo Zamenhof hakulitatua.

Kukataa umiliki

Lugha nyingine ya kubuniwa, Volapük, ilikuwa na wafuasi wengi miaka ya 1880, lakini ilidhoofika kwa ugomvi, kwa kuwa mtungaji wake, padri Johann Martin Schleyer, alidai kuwa na neno la mwisho. Zamenhof alifanya kinyume: tangu kitabu cha kwanza aliacha haki zake zote juu ya lugha. Mwaka 1894 aliwapigisha kura wasomaji wa gazeti la La Esperantisto juu ya mageuzi. Wengi waliyakataa, naye akakubali.

Mwaka 1905 watu 688 kutoka nchi 20 walikutana Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, katika kongamano la kwanza la dunia. Walielewana bila mkalimani. Miaka michache baadaye baadhi ya viongozi walijitenga na kuanzisha Ido, lugha iliyotokana na Kiesperanto, lakini wanafunzi wengi hawakuwafuata.

Yeye mwenyewe hakutajirika. Aliwatibu maskini wa mtaa wa Wayahudi Warshawa kwa malipo madogo, na usiku alitafsiri vitabu, vikiwemo Hamlet na Agano la Kale.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1914 alikuwa safarini kwenda kwenye kongamano la Paris vita vilipoanza, ikambidi arudi. Alifariki Warshawa mwaka 1917, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani.

Watoto wake wote watatu waliuawa na Wanazi: Adam alipigwa risasi mwaka 1940, Sofia na Lidia walifia Treblinka mwaka 1942. Lidia alikuwa amefundisha Kiesperanto katika nchi mbalimbali za Ulaya na Marekani, akarudi Poland mwaka 1938.