Tata Raphaël, padri aliyetafuta wachezaji masomoni

Hapa Goma wengi tunasikia jina lake tu wakati kunasemwa mechi ya Kinshasa. Raphaël de la Kethulle alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890. Mwaka 1917 akafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, padri wa shirika la Scheut. Kazi yake ilikuwa masomo, na wanafunzi ndio akawaingiza katika mpira. Mwaka 1936 akaanzisha Daring, ile DCMP ya leo. Akajenga viwanja pia. Ule mkubwa ulifunguliwa 1952 kwa jina la mfalme Baudouin.

Wakoloni walipenda kazi ile. Walihesabu hivi: kijana anayemtii mwamuzi, asiyempiga mwenzake mateke, ataitii na serikali. Walikosea sana.

Padri alikufa 1956. Tarehe 4 Januari 1959, watu waliotoka kuangalia Vita Club katika uwanja ule ule walikutana na wafuasi wa Abako, wenye hasira kwa sababu mkutano wao ulikatazwa. Wakaungana, mji ukawaka. Mwaka mmoja na nusu baadaye, uhuru.

Jina la mfalme liliondolewa uwanjani. Leo unaitwa Tata Raphaël.